Naomba ushauri: "in-" ya Kiingereza inawachanganya wanafunzi wangu

Wakuu, salaam. Nafundisha tuisheni ya Kiingereza kidato cha pili. Vijana wamekariri kwamba "in-" hukanusha: "incorrect", si sahihi. Juzi mmoja kaona kopo la tina (ile ya kuchanganyia rangi) limeandikwa "inflammable", akasisitiza kabisa kwamba halishiki moto. Kumbe maana yake ni kinyume: hushika moto upesi. Hatari tupu!

Ninavyojua, Kilatini kilikuwa na "in-" mbili. Moja ya kukanusha, ndugu wa "un-" ya Kiingereza chenyewe; nyingine ya kuingia ndani, kama kwenye "include". "Inflammable" inatokana na kitenzi "inflammare", kuwasha moto, kwa hiyo ni ya hii ya pili. Ndiyo maana lebo nyingi siku hizi huandika "flammable" tu. Tena zote mbili hugeuka "im-" mbele ya p, b na m: "impossible" inakanusha, "import" inaingiza. Mtoto atajuaje?

Walimu wenzangu, mnawatenganishiaje? Nianze na hiyo asili ya Kilatini, au niwape maneno kwa mafungu wakariri? Na "invaluable" je, ambayo inakanusha kweli lakini maana yake ni kitu chenye thamani isiyokadirika?