Re: Kuanza wodini Chengdu na lugha ya wagonjwa

> Kaka na dada zangu, naingia wodini hapa Chengdu, China, mwezi ujao. HSK 4 (ngazi ya nne ya mtihani wa Kichina) nimefaulu, lakini wagonjwa wazee siwaelewi kabisa. Mlifanyaje?

Mdogo wangu, hongera kwa HSK 4. Shida ni kwamba bibi wa Chengdu hazungumzi Kichina cha kwenye mtihani, anazungumza Kisichuan, lahaja ya mkoa wa Sichuan. Darasani ulifundishwa kuwa kuumwa kichwa ni tou teng. Yeye atakwambia naoke tong, na ukimkodolea macho atarudia lilelile kwa sauti kubwa zaidi.

Wiki yangu ya kwanza nilimpokea mama mwenye kisukari, ana kidonda mguuni. Nikamuuliza kilianzaje, akawa anarudia "haizi, haizi". Haizi nilijua ni mtoto, basi nikaandika kwenye faili kwamba kaumizwa na mwanawe. Nesi mmoja mtu mzima alipolisoma aliinama chini ya kitanda, akatoa kiatu cha kitambaa, akaniwekea kidole pale kilipobana. Kwa Kisichuan, haizi ni viatu. Miguu yake ilikuwa na ganzi, kiatu kikamchubua asisikie. Ingebaki nilivyoandika, angerudi nyumbani na viatu vilevile. Mpaka leo roho inaniuma.

Tangu hapo siandiki kabla sijamrudishia mgonjwa maneno yake huku nikigusa: hapa? kiatu hiki?

Maneno ya maumivu yaandike kwenye daftari kama wagonjwa wanavyoyasema. Suan kwenye kamusi ni uchachu, lakini mguu wenye suan ni ule unaouma kwa uchovu ndani ya misuli. Ma ni ganzi. Zhang, tumbo limejaa. Na sisi si tunasema kichwa kinawanga, tumbo linasokota? Mgeni mwenye kamusi angeelewa nini?

Ukiuliza maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, akanyoosha kidole gumba na kile cha mwisho, hiyo ni 6, siyo 2.

Ndugu wa mgonjwa watakusaidia kutafsiri, washukuru. Ila habari za hedhi, choo na pombe muulize mwenyewe, nesi akiwepo, maana mbele ya mkwewe hatasema kweli. Fomu ya ridhaa ya upasuaji usiieleze wewe, hata wakikuomba. Mwite daktari.

Daftari langu nitalipiga picha nikitoka zamu, nikutumie jioni.