Viti vya mninga vimelegea wakati wa kiangazi: ni hewa ya Dodoma au ni viungo?

Mkazi wa Nkuhungu:
Ndugu zangu, mwezi Machi nilitengenezewa viti sita vya mninga vya kulia chakula na fundi mmoja wa hapa Dodoma. Vilipoletwa vilikuwa imara na vanishi yake ilipendeza, lakini ilipofika Agosti vinne vilikuwa vinacheza, hasa pale ubao wa pembeni wa kitako unapoingia kwenye mguu wa nyuma. Fundi anasema kwamba hewa ya Dodoma ni kavu, kwamba samani zote hulegea, na kwamba yuko tayari kuvipiga skrubu bila malipo. Je, maelezo yake ni ya kweli, na skrubu zitafaa?

Randa na Patasi:
Fundi amekueleza nusu ya ukweli. Mbao hunywea kwa upana na unene inapopoteza unyevu, lakini kwa urefu wake karibu hainywei kabisa. Ulimi wa ubao wa kitako, yaani ncha yake iliyochongwa ili iingie kwenye tundu la mguu, hupungua upana kiangazi kinapokolea, ilhali tundu limechimbwa kufuata urefu wa mguu, na urefu huo haubadiliki. Hapo ndipo nafasi hujitokeza. Hata hivyo, mninga unasifika kwa kutocheza sana na majira. Ukiona viti vinne vya mninga vimelegea katika miezi mitano, ama mbao ilikuwa bado mbichi, ama ulimi ulikuwa mfupi au mwembamba kupita kiasi. Kwa mguu wa milimita 45, mimi huingiza ulimi usiopungua milimita 25, wenye unene wa karibu theluthi moja ya ubao, na mabega yake, yaani kingo za ubao zinazouzunguka ulimi, hukaa sawasawa na mguu pasipo mwanga kupenya.

Kuhusu skrubu, usikubali. Itabana kwa miezi michache, kisha itapanua tundu lake yenyewe, na pengine itapasua mguu.

Mkufunzi wa Useremala:
Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia, isipokuwa nisingeilaumu skrubu kwa kila hali: ikishika kipande cha pembetatu kwenye kona ya ndani ya kitako, inasaidia sana. Kosa ni kuifanya mbadala wa ulimi.

Swali la ubichi halihitaji kubishaniwa, kwa sababu linapimika. Omba kipande cha mbao ileile, kipime uzito, kikaushe kwenye oveni yenye nyuzi joto 103 mpaka uzito uache kupungua, kisha gawanya uzito uliopotea kwa uzito mkavu. Kipande cha gramu 112 kikiishia gramu 100, unyevu ulikuwa asilimia 12. Mbao iliyokaa kwenye banda la wazi wakati wa masika, na Machi huku kwetu mvua bado inanyesha, huwa na unyevu zaidi ya ile ya Septemba, na fundi makini huiacha itulie ndani ya karakana kabla ya kuipiga randa.

Kwa habari ya ubora, kiwango cha kimataifa cha ISO 7173 hupima kiti kwa kukandamiza kitako na egemeo maelfu ya mara, kwa kuwa kiungo hufa kwa kuchoka na si kwa uzito wa siku moja. Nyumbani huna mashine hiyo, lakini unaweza kukaa, ukaegemea nyuma na kusikiliza: kiungo kizuri hakilii.

Mkazi wa Nkuhungu:
Nashukuru. Jana nilikifungua kiti kimoja mbele ya fundi. Ulimi una milimita 14 tu, tundu ni pana kuliko ulimi, na gundi imeganda upande mmoja kama uji uliopoa. Upande wa pili mbao ni safi kabisa. Fundi alinyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba kijana wake ndiye aliyekata ndimi hizo. Je, viti hivi vinaweza kuokolewa?

Randa na Patasi:
Vinaweza. Gundi ya zamani ikwanguliwe yote, kwani gundi nyeupe haishiki juu ya gundi iliyokwisha kukauka, wala haizibi pengo. Kwa kuwa ulimi ni mfupi, ukatwe na mahali pake pachimbwe tundu, kisha kiingizwe kipande kipya cha mninga mkavu, chenye nyuzi zinazofuata urefu wa ubao, kiwe ulimi mpya wa kuingia milimita 25 ndani ya mguu. Kwanza kijaribiwe kikavu: kiingie kwa kusukumwa na mkono na kugongwa kidogo na nyundo ya mti. Baada ya hapo gundi ipakwe pande zote mbili, na kiti kibanwe kwenye jiriwa usiku kucha.

Viwili ambavyo havijalegea navyo vifunguliwe. Vimekatwa na mkono uleule.