Kaunti imehamishia maoni ya bajeti mtandaoni. Wenye simu za kabambe watasikika vipi?

KatibuMamaKaranga: Jamani, naomba mawazo. Mimi ni katibu wa kikundi cha mama karanga, yaani wanawake wanaokaanga na kuuza samaki, huku Pwani ya Kenya. Safari hii kaunti yetu inataka maoni ya bajeti yaandikwe kwenye tovuti, hakuna mkutano wa wadi. Rasimu yenyewe ni Kiingereza kitupu, ukurasa baada ya ukurasa wa tarakimu. Wenzangu wengi wana kabambe, zile simu ndogo za vitufe, wengine kusoma ni shida. Tunachotaka ni mtambo wa barafu bandarini, kwa sababu samaki wa jioni anaoza kabla ya soko la asubuhi. Tufanyeje kabla makadirio hayajafika bunge la kaunti tarehe 30 Aprili?

Mzalendo_Nakuru: Warekodi kwa simu yako, wazungumze Kiswahili chao, kisha uyaandike maoni yao. Peleka kwa karani wa bunge la kaunti, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Katiba, kifungu cha 196, inalitaka bunge hilo lishirikishe umma.

MwandishiWaKumbukumbu: Dada, mimi huandika kumbukumbu za mikutano ya wadi kwetu. Watu hawachoki kusema, wanachoka kutojibiwa. Mwaka wa kwanza ukumbi unajaa, wa pili wanabaki wazee wa mtaa na wanaofuata soda. Tovuti isiyojibu itawapoteza vivyo hivyo, tena haraka zaidi.

Tazama Barcelona. Mwaka 2016 walitumia mfumo wa mtandaoni uitwao Decidim kupanga kazi za jiji. Yalikuja mapendekezo zaidi ya 10,000, lakini mikutano ya ana kwa ana haikufutwa: yaliyosemwa ukumbini yaliingizwa kwenye mfumo uleule, na mtu aliweza kufuatilia pendekezo lake hadi aone limekubaliwa au limekataliwa, na sababu yake. Hilo ndilo la kudai. Kila oni lipewe namba, na jibu lionekane na wote.

Pia andikeni ombi rasmi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 88, inawapa haki hiyo. Cha 89 kinawabana maafisa wajibu bila kukawia.

KatibuMamaKaranga: Ahsanteni sana, hilo la namba sikuwa nimelifikiria. Tunakutana Jumamosi, nitawarekodi mmoja mmoja, nikianza na mabibi wa gatini. Kuna aliye na mfano wa ombi la kifungu cha 88 kwa Kiswahili?