Mtu mzima mwenye ulemavu wa akili: tumkinge vipi meno kabla hayajauma?

Dada wa Morogoro
Habari zenu wanajukwaa. Ninamtunza kaka yangu wa miaka 34 mwenye ulemavu wa akili na kifafa, ambaye ametumia fenitoini, dawa ya kifafa, kwa miaka mingi. Alipokuwa shuleni, walimu wa elimu maalumu walimsimamia kupiga mswaki. Tangu alipomaliza, hakuna anayeuliza tena habari za meno yake. Sasa fizi zimevimba hadi kufunika sehemu ya meno ya mbele, na zinatoa damu. Kliniki moja ilituambia kwamba, kwa kuwa hatulii kwenye kiti, tumrudishe jino likiuma ili ling'olewe. Lakini kaka hasemi akiumwa. Hukataa chakula na kujipiga shavu. Je, hakuna huduma ya kumkinga mapema?

Daktari wa meno, Dodoma
Pole, dada, na una haki ya kutoridhika na jibu hilo. Fenitoini hufahamika kwa kukuza fizi, hasa pale ukoga unapoachwa kwenye meno. Tafadhali usimwachishe dawa. Mwombe daktari anayemtibu kifafa aangalie kama ipo nyingine inayomfaa. Ugaga, yaani ukoga uliokwisha kuganda, hauondolewi na mswaki, hivyo ni lazima ukwanguliwe kliniki. Omba miadi ya asubuhi, wakati foleni haijawa ndefu: siku ya kwanza aketi tu kwenye kiti na kuhesabiwa meno, siku nyingine azoee kioo na sauti ya mashine, na usafishaji ufuate baadaye. Wapo wengi waliodhaniwa kuwa hawawezekani bila nusu kaputi ambao hukubali kwa utaratibu huo. Ikibidi apewe nusu kaputi, basi kusafisha, kuziba na kupaka floraidi vifanyike kwa pamoja. Ulizia pia silva daiamini floraidi, dawa ya maji ya kuzuia jino lisiendelee kuoza, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Hupakwa kwenye tundu bila kutoboa jino wala kuchoma ganzi, ingawa huacha doa jeusi.

Mama wa Mombasa
Binti yangu ana sindromu ya Down, na kwa watu wa hali hiyo fizi huharibika mapema kuliko kawaida. Mimi humketisha kwenye kiti kifupi, nikasimama nyuma yake, kichwa chake kikiegemea kifua changu, nikauinua mdomo wa juu kwa kidole ili nione ninakopiga mswaki. Natumia mswaki laini wenye kichwa kidogo na dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere. Usiku sikosi hata nikichoka, kwa sababu baada ya hapo hali kitu. Kama kaka ana tatizo la moyo, mwambie daktari wa meno kabla hajaanza kukwangua, kwani wagonjwa wengine wa moyo hupewa antibiotiki kwanza.

Mstaafu wa ustawi wa jamii, Tanga
Naongeza jambo moja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unakataza katika ibara ya 25 mtu kunyimwa huduma ya afya kwa sababu ya ulemavu wake. Mwandikie mganga mfawidhi wa kituo hicho, ueleze tarehe na maneno mliyoambiwa, na uombe rufaa ya maandishi kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa. Nakala ipeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, naye afuatilie hadi miadi ipatikane.