The Prisoner of Zenda, ya 1937 au ya 1952?

Wakuu, nataka kumwekea mama hii muvi wikiendi, ile mfalme anawekewa dawa kwenye mvinyo halafu jamaa anayefanana naye anavishwa taji badala yake, mwisho anampenda kweli binti mfalme Flavia. Nianze na ipi?

— Ya 1937 mkuu. Ronald Colman kacheza wote wawili, na yule Fairbanks Jr. kama Rupert, adui wao, anavyotabasamu huku kashika upanga, humsahau.

— Ya 1952 ina rangi, ila skripti karibu ni ileile, hata muziki wa Alfred Newman uleule.

— Mama awe na leso. Flavia anampenda jamaa na bado anabaki kwa ajili ya nchi yake, mi nililia kabisa pale.