Tupeane uzoefu: mmeshawahi kugombana kisa mchango wa msaada uende wapi?

Wakuu habari za jioni. Sisi tuliomaliza fom foo pamoja huku Moro tuna grupu la watu sitini na kitu, mwaka juzi tukakubaliana kila mtu atoe elfu hamsini tukaifanyie kitu shule yetu. Kuchanga hakukuwa na shida, watu walitupia bila hata kusukumwa, balaa likaja pale mtu alipouliza "sasa tunapeleka nini?"

Wengi wakasema viti na meza, maana tangu elimu bila malipo ianze 2016 wanafunzi wamejaa mpaka wengine wanakaa dirishani. Sawa. Dada mmoja ambaye huwa haongei kabisa akaandika mstari mmoja tu, "choo cha wasichana hakina milango". Kimya. Halafu jamaa mmoja akatupia kikatuni cha kucheka, yaani kile kikatuni ndo kilivunja grupu, kina dada wakawaka, akina sisi tukaanza oh choo ni kazi ya serikali (kama viti siyo kazi ya serikali vile). Ikapigwa kura, viti vikashinda kwa sababu wanaume ndo tuko wengi. Siku ya kukabidhi tunashusha mzigo, nazunguka nyuma ya bwalo nakuta rundo la viti vya chuma vimekatika miguu, fundi wa kuchomelea angevimaliza wiki moja. Hakuna aliyeuliza. Nyie kwenu ilikuwaje?

Wa Mombasa: Yetu ilikuwa msikitini, Ramadhani. Pesa imekusanywa kwa ndoo moja, zaka humo sadaka humo, kisha kamati yataka kapeti mpya. Mzee mmoja akasimama akasema zaka ina mafungu manane, yako Surat at-Tawba aya ya 60, kapeti halimo! Watu wakacheka lakini ustadhi akamuunga mkono, ikawa sasa nani akumbuke alitia nini ndooni? Mmoja asema elfu mbili zangu zilikuwa zaka, mwengine asema mimi nilitia sadaka lakini sitaki kapeti, nataka kisima. Tuliswali tarawehe wiki nzima watu hawasalimiani vizuri. Mwisho zikanunuliwa unga na mchele wa mafukara, na sasa kuna ndoo mbili, moja ya kijani.

Niko Uingereza: Kwetu huku chama kilitaka kupeleka mashine ya kusafisha figo hospitali ya wilaya nyumbani, watu wameshaanza kutafuta na kontena. Kuna nesi mwenzetu amefanya kazi hiyo miaka, akasema jamani mgonjwa mmoja kukaa masaa manne kwenye mashine ni kama lita 120 za maji, tena yaliyochujwa kwa mtambo wake, na anarudi mara tatu kwa wiki, hapo kwenu bomba linatoka siku ngapi? Aliitwa mkatisha tamaa, mchawi, majina yote. Tukaishia kununua tanki la maji la wodi ya wazazi. Mpaka leo wapo wanaonuna kwamba tanki halipendezi kwenye picha.

Mama wa kikoba, Kahama: Mie siandiki mengi. Tulichangia kituo cha yatima, kumbe cha shemeji yake mwenyekiti. Watoto walikuwepo kweli na shida walikuwa nayo, ila ningeambiwa mapema ningetoa hiyohiyo buku kumi bila kinyongo. Nilitoka kwenye kikundi.

Wa Mombasa: @Kahama pole sana mama. Hilo la kufichwa ndilo liumalo.

Mleta mada: Asanteni wadau. Nirudi kwenye la kwetu, yule dada wa milango alishalefti muda, baada ya kusoma hizi za kwenu nikamfuata inboksi jana nikamuomba radhi, maana kikatuni kile nami nilikipa laiki. Akanijibu leo asubuhi. Kumbe Januari alienda na fundi wake wakaweka milango minne ya mbao, kwa hela yake na ya mama mmoja muuza mitumba ambaye wala hakusoma pale. Nikamuuliza tumrudishie shilingi ngapi, akasema milango imeshaisha, komeo za ndani ndo hazijanunuliwa, nne, nitume za hizo tu.

Nimetuma. Sijasema kwenye grupu.