Binti anaingia kidato cha tano: atarajie nini katika kemia?

Mzazi, Nyegezi: Habari zenu, ndugu. Binti yangu amechaguliwa kusoma fizikia, kemia na baiolojia, na kwa kuwa mimi ni muuza dagaa wa soko la Mwaloni niliyeishia darasa la saba, naomba mnieleze atakayokutana nayo katika kemia.

Mwalimu, Ilemela: Hongera sana, mama. Ugumu hauko katika kukariri jedwali la elementi, kama wengi wanavyodhani, bali katika hesabu za moli, yaani kuhesabu chembe kwa mafungu ya 6.02 × 10²³, kama wewe unavyouza dagaa kwa sado pasipo kuhesabu mmoja mmoja. Asipozielewa mapema, mada nyingi zinazofuata zitamlemea.

Mhitimu, Igoma: Naongeza la maabara, kwa sababu mtihani wa vitendo una karatasi yake. Katika titresheni, yaani kupima ni asidi kiasi gani inayotosha kumaliza nguvu ya alikali (kemikali iliyo kinyume cha asidi), asidi hudondoka kutoka kwenye bureti, mrija wa kioo wenye alama za vipimo, hadi ndani ya alikali iliyotiwa methili orenji, kiashiria kinachobadili rangi, na tone moja tu hugeuza njano kuwa rangi ya chungwa. Ukizidisha, inakuwa nyekundu na unaanza upya. Siku ya kwanza nilirudia mara nne, huku wenzangu wakiisubiri bureti ile ile (zilikuwa chache mno).

Mzazi, Nyegezi: Ya sado nimeielewa, mwalimu. Je, nimnunulie koti jeupe?

Mwalimu, Ilemela: Ndiyo, mama, na liwe la pamba, kwani nailoni ikishika moto huyeyuka na kuganda mwilini.